Kabla Hujaja Luxemburg, Uliza Utalala Upande Gani wa Mpaka

Swali la kwanza huwa mshahara. Anayenipigia simu kutoka Tanga, Dar au Mombasa, akishamaliza salamu na kuwaulizia watoto, hutaka kujua kama ni kweli Luxemburg inalipa kuliko nchi zote za Ulaya. La pili ni kama Luxemburg ni nchi au ni mji wa Ujerumani. La tatu ni baridi. Nimeyajibu haya kwa shangazi zangu, kwa wahasibu niliosoma nao, kwa vijana wanaotafuta chuo, na karibu kila mara naona kwamba jambo litakaloamua maisha ya mtu hapa hajaliuliza. Naandika ili liulizwe mapema, kabla mtu hajauza kiwanja chake akakata tiketi.

Ni nchi. Eneo lake ni kilomita za mraba 2,586. Chukua Unguja na Pemba uziweke pamoja, utakaribia hapo hapo. Watu hawafiki 700,000. Imekaa katikati ya Ubelgiji, Ufaransa na Ujerumani, haina bahari, na toka kaskazini hadi kusini ni kilomita zipatazo 82. Mtawala wake anaitwa Grand Duke, cheo kilicho chini ya mfalme, na duniani hakuna nchi nyingine iliyobaki na utawala wa namna hiyo. Aliyeko sasa ni Guillaume, aliyeachiwa kiti na baba yake, Henri, tarehe 3 Oktoba 2025. Kazi ya kuendesha serikali ni ya waziri mkuu na bunge.

Sasa mshahara. Kima cha chini kwa mtu mzima asiye na ujuzi maalumu ni zaidi ya yuro 2,600 kwa mwezi kabla ya makato, na hakuna nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya inayofika hapo. Tena mishahara imefungwa na bei za bidhaa: kipimo cha bei kikipanda kwa asilimia 2.5, sheria humlazimu kila mwajiri, awe benki au mwenye mgahawa, aongeze mishahara kwa kiasi hicho hicho. Mtu akisikia hivyo akazigeuza kuwa shilingi, usingizi humruka. Namwelewa. Lakini huyo anahesabu kwa bei za nyumbani pesa ambayo italiwa kwa bei za huku, na wa kwanza kuila ni mwenye nyumba.

Jijini, yaani mji mkuu, nao unaitwa Luxemburg, chumba kimoja katika nyumba mnayochangia jiko na bafu ni yuro 800 hadi 1,000 kwa mwezi. Ukitaka sebule yako na chumba chako cha kulala, anza kuhesabu 1,500 kwenda juu. Na pesa peke yake haikufungulii mlango. Mwenye nyumba atataka mkataba wa kazi wa kudumu, kipindi cha majaribio kiwe kimekwisha, na salari slipu tatu za karibuni. Mgeni aliyeshuka juzi hana hata moja. Ndiyo maana namwambia kila anayeniuliza: katika kujadiliana na mwajiri, usipigane tu na tarakimu ya mshahara, omba akutafutie mahali pa kukaa miezi ya mwanzo, au akuandikie barua ya kukudhamini kwa mwenye nyumba. Wapo waajiri wanaokubali, ila hawasemi mpaka waombwe. Na ujue kwamba tangu Agosti 2024 sheria inakataza kudai amana inayozidi kodi ya miezi miwili, na malipo ya dalali yanagawanywa nusu kwa nusu kati ya mpangaji na mwenye nyumba. Ukidaiwa miezi mitatu, taja sheria hiyo kwa upole na ubaki kwenye msimamo wako.

Hapa ndipo linapoingia lile swali la mpaka.

Kila siku ya kazi, watu zaidi ya 200,000 huvuka kuingia Luxemburg kufanya kazi na jioni hurudi kulala Ufaransa, Ubelgiji au Ujerumani. Treni za asubuhi kutoka Metz na Thionville, miji ya Ufaransa, hujaa watu wakasimama hadi milangoni. Bila wao hospitali zingekosa wauguzi, maduka yangekosa wauzaji, na ofisi kama yetu, zinazoshughulikia mifuko ya uwekezaji, zingefunga. Wanaishi ng'ambo kwa sababu kodi ya nyumba kule ni nafuu mno. Kwa hiyo ndugu yangu akitazama ramani, akaona Thionville ni mwendo mfupi tu kwa treni, husema: basi na mimi nitapanga Ufaransa, nifanye kazi Luxemburg, pesa ibaki.

Kwa mwenye pasipoti ya Ulaya hesabu hiyo iko sawa. Nina rafiki Mkongomani kutoka Lubumbashi, ana uraia wa Ubelgiji, amejenga maisha Arlon, upande wa Ubelgiji, na anafika kazini mapema kuliko mimi. Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Burundi, hesabu ni nyingine kabisa. Kibali cha ukaazi cha Luxemburg kinakupa haki ya kukaa Luxemburg. Kinakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, hadi siku 90 katika kila siku 180, lakini hakikupi ruhusa ya kuhamia Ufaransa. Ukitaka kulala Thionville lazima upate ukaazi wa Ufaransa kwa sheria za Ufaransa, halafu uombe Luxemburg kibali cha kufanya kazi kama mkaazi wa ng'ambo. Ni njia mbili za nchi mbili, na moja ikikwama nyingine inakwama. Nimewaona watu wazuri, wenye shahada na nidhamu, wakikwama katikati kwa sababu mtu aliwaambia mpaka haupo. Kwa gari kweli hauonekani. Unapita daraja, hakuna hata askari. Katika makaratasi upo, tena mrefu.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi kwa sababu watu huligundua wakiwa wamechelewa. Uraia wa Luxemburg, kwa sheria ya 2017, unaweza kuombwa baada ya kuishi nchini miaka mitano, pamoja na mtihani wa lugha na mafunzo kuhusu nchi. Neno ni kuishi. Miaka uliyolala Thionville ukifanya kazi jijini haihesabiki hata mmoja. Luxemburg yenyewe inaruhusu uraia wa nchi mbili tangu 2009, na Wakenya katiba yao ya 2010 inawaruhusu pia. Sisi Watanzania watu wazima bado sheria ya nyumbani inatutaka tuchague. Kila mmoja aliweke hilo mezani na familia yake mapema, wala asiogope kulizungumza.

Utaratibu wa kuja una mpangilio ambao haubadilishwi. Kibali cha awali huombwa na kupatikana ukiwa bado nyumbani, kisha viza ya kukaa muda mrefu, ndipo unapanda ndege. Ukifika una siku tatu za kazi kujiandikisha manispaa ya mahali unapoishi. Kisha uchunguzi wa afya, pamoja na kipimo cha kifua kikuu, na ndani ya miezi mitatu unaomba kadi yenyewe ya ukaazi. Anayekwambia uje kwa viza ya matembezi halafu mambo yatajipanga, muulize ni nani atakayekutetea yasipojipanga.

Nihamie kwenye lugha, maana hapa nina mengi ya kusema.

Watu huuliza: Kiingereza kinatosha? Ofisini kwetu, ndiyo. Ukitoka mlangoni, hapana. Mkate utaununua kwa Kifaransa, kwa sababu muuzaji asubuhi alitokea ng'ambo ya mpaka. Sheria zimeandikwa kwa Kifaransa. Bungeni wanajadili kwa Kiluxemburg. Magazeti ya zamani ni ya Kijerumani. Mafundi waliotengeneza bafu letu walikuwa wakiongea Kireno, kwa sababu Wareno ndio wageni wengi kuliko wote, na karibu nusu ya wakaazi wa nchi hii hawana uraia wake. Katika hali hiyo mgeni hushawishika kusema: Kifaransa kidogo kitanitosha, Kiluxemburg cha nini, si watu laki chache tu wanakisema?

Mimi nilianza kujifunza kwa sababu ya bibi mmoja, jirani yetu wa ghorofa ya chini huko Esch-sur-Alzette, mji wa viwanda vya chuma upande wa kusini. Miezi mingi alikuwa akinisalimu kwa Kifaransa, kwa adabu, anapita. Siku nilipomjibu kwa Kiluxemburg cha darasani, maneno machache tu, alisimama. Akanikaribisha kahawa. Akanieleza kwamba Wajerumani walipoikalia nchi, kuanzia Mei 1940, walitaka kuwafanya Waluxemburg wakubali kuwa wao ni Wajerumani. Oktoba 1941 ikaletwa sensa yenye maswali matatu: uraia wako, lugha yako ya mama, na asili yako. Watu wakanong'onezana wajibu Luxemburg mara tatu, na sensa ikashindikana. Mwaka uliofuata vijana wakalazimishwa kuingia jeshi la Ujerumani. Nchi ikagoma, na baadhi ya waliogoma wakapigwa risasi. Baba yake yule bibi alikuwa miongoni mwa vijana waliojificha ndani ya mgodi wa chuma karibu na Niederkorn, wakiletewa chakula usiku.

Baada ya kahawa ile sikuwahi tena kumwambia mtu kwamba Kiluxemburg ni lugha ndogo. Kilitambuliwa kisheria kuwa lugha ya taifa mwaka 1984 tu, lakini watu walikuwa wamekwisha kukilipia zamani. Sisi tuliokulia pwani, tunaojua namna lugha inavyobeba utu wa watu, hatupaswi kuhitaji kuelezwa hili mara mbili.

Na msaada upo. Mfanyakazi ana haki ya kuomba likizo ya kujifunza Kiluxemburg, hadi saa 200 katika maisha yake ya kazi, huku analipwa. Mtihani wa uraia unadai uzungumze kiwango cha A2, yaani cha mazungumzo mepesi, na uelewe unaposikiliza kiwango cha B1, hatua moja juu yake. Si kiwango cha kutisha kwa mtu aliyekua na lugha ya kabila lake, Kiswahili, kisha Kiingereza cha shule. Nimeona darasani kwetu Waafrika wakiwapita watu wa mataifa ambayo hayajawahi kuhitaji lugha ya pili.

Kwa watoto mambo ni mazito zaidi, na laiti kila mzazi angeniuliza hili kabla ya kuuliza mshahara. Shule ni lazima kuanzia miaka minne. Mtoto huanza kwa Kiluxemburg, akicheza na kuimba. Akifika miaka sita anafundishwa kusoma na kuandika kwa Kijerumani. Kifaransa huongezwa hatua kwa hatua, na huko sekondari masomo mengi hugeukia lugha hiyo. Mtoto wa familia ya Kireno, au wa kwetu, anajikuta anajifunza herufi katika lugha ambayo nyumbani hakuna anayeijua. Kazi za nyumbani zinarudi kwa Kijerumani na mama ameduwaa. Walimu wenyewe wanalijua tatizo hili, na tangu 2022 shule chache zilianza kujaribu kufundisha kusoma kwa Kifaransa badala yake.

Binti yangu aliingia akiwa mdogo, na Kiluxemburg kilimwingia kwa kucheza tu. Kijerumani tulikipata kwa jasho, yeye na mimi tukikaa meza moja. Nyumbani tunasema Kiswahili, bila kuchanganya, na hata mwalimu wake alinisihi nisiache. Lakini mtoto wa kaka yangu mmoja, aliyekuja akiwa na miaka kumi na moja, kumtia katika mfumo huo kungekuwa kumwonea. Kwake ilifaa shule ya umma ya mfumo wa Ulaya; ya kwanza ilifunguliwa Differdange mwaka 2016 na nyingine zikafuata. Hazina ada, na zina mkondo wa Kiingereza. Kwa hiyo ninapoulizwa kuhusu shule, nami nauliza kwanza: mtoto ana miaka mingapi? Chini ya sita, mpeleke shule ya kawaida ya mtaa bila hofu. Juu ya tisa au kumi, tafuta nafasi katika shule hizo kabla hujatafuta nyumba, kisha nyumba iifuate shule.

Mengine nitayapitia haraka.

Bima ya afya hukatwa kwenye mshahara. Mara nyingi unamlipa daktari kwanza, unatuma risiti, na sehemu kubwa ya pesa inarudi kwenye akaunti yako. Weka akiba kidogo kwa ajili hiyo.

Baridi yenyewe haiui. Kinachochosha ni giza. Desemba jua linazama saa kumi na nusu jioni, na ukungu unaweza kukaa siku nzima. Juni ni kinyume: magharibi inaingia karibu saa nne usiku, na isha ni usiku mkubwa. Waislamu tuna misikiti, na serikali iliweka mkataba rasmi na jumuiya yetu mwaka 2015, kama ilivyo na madhehebu mengine. Mihogo, yenye nta juu, mafuta ya mawese na samaki wakavu hupatikana katika maduka ya Waafrika karibu na stesheni kuu ya treni. Ukitamani soko lenye kila kitu, na kusikia Kiswahili cha Kongo kikizungumzwa kwa sauti, panda treni uende Brussels, mtaa wa Matongé.

Watu wa Afrika ni wengi? Wenye asili ya Cabo Verde ndio wanaoonekana zaidi. Ila historia ya nchi hii na Afrika haikuanza nasi. Waluxemburg walifanya kazi katika Kongo ya Wabelgiji wakiwa maofisa na mafundi. Mhandisi wao, Nicolas Cito, alishiriki kujenga reli ya Matadi hadi Léopoldville, Kinshasa ya leo, reli iliyomeza maisha ya maelfu ya vibarua. Kwa muda mrefu watu hapa walijisemea kwamba ukoloni ulikuwa jambo la majirani. Nashukuru kwamba siku hizi makumbusho yao ya taifa yamelifungua jambo hilo hadharani.

Wanaokuja kutembea tu nawapenda, kwa sababu nchi hii inamfaa mgeni wa siku chache. Viza ni ile ya Schengen, ada yuro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Sehemu nyingi za kwetu Luxemburg haina ubalozi, na maombi hupokelewa na nchi nyingine kwa niaba yake, aghalabu Ubelgiji. Mwenyeji wako anaweza kukujazia fomu ya kukudhamini inayogongwa muhuri manispaa, ianze mapema.

Mama yangu alipokuja alikuwa hapandi basi bila kushika nauli mkononi. Tangu mwanzoni mwa Machi 2020 mabasi, treni na tramu ni bure nchi nzima, kwa mwenyeji na mgeni. Anayelipa ni wa daraja la kwanza la treni, na anayevuka mpaka hulipia kipande cha ng'ambo. Tramu sasa inafika hadi uwanja wa ndege. Tulifika kila kona bila kulipa nauli: mahandaki ya ngome ya Bock, chini ya mji mkongwe uliomo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1994, kasri la Vianden juu ya kilima chake, makaburi ya Wamarekani pale Hamm, ambako Jenerali Patton, kamanda wao wa Vita vya Pili vya Dunia, amelala pamoja na wanajeshi zaidi ya 5,000. Alitaka pia kukiona kijiji ambacho jina lake lilikuwa kwenye viza yake. Schengen ni kijiji cha wakulima wa zabibu kando ya mto Moselle, pale Luxemburg, Ufaransa na Ujerumani zinapogusana, na mkataba ulitiwa saini ndani ya meli mtoni hapo tarehe 14 Juni 1985. Mama alilitazama daraja la kwenda Ujerumani, akaniuliza kama anaweza kuvuka. Tukavuka, tukanunua matunda, tukarudi.

Kuhusu wakati wa kuja, namjibu kila mtu hivi: Juni. Usiku wa tarehe 22 kuna fataki juu ya bonde la Pétrusse kuelekea sikukuu ya taifa ya tarehe 23, na familia nzima hukaa nje hadi usiku wa manane bila wasiwasi. Ukiweza kuwahi Jumanne inayofuata Pentekoste, nenda Echternach ukaone maandamano yanayopita mjini kwa kucheza hadi kwenye kaburi la Mtakatifu Willibrord. Vyumba vya hoteli jijini vina bei kali katikati ya wiki, hasa Aprili, Juni na Oktoba, ambapo mikutano ya mawaziri wa Umoja wa Ulaya hufanyika hapa badala ya Brussels. Kwa hiyo jijini lala Ijumaa na Jumamosi, na siku nyingine chukua kitanda katika hosteli za Vianden, Echternach au Esch; basi la kukuleta mjini asubuhi ni bure.